Fundi Winchi na Msiba wa Uongo

Mgeni alipiga hodi Jumamosi asubuhi. Mama mkwe wa fundi Winchi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage.

Mgeni alikuwa kijana mrefu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini viatu vyake vilikuwa na madoa ya saruji. Mkononi alibeba mfuko wa mchele na pakiti ya sukari. Uso wake ulikuwa wa huzuni, kama mtu aliyefanya mazoezi ya huzuni njia nzima.

"Karibu, mwanangu," mama alisema.

Kijana hakuketi. Aliinamisha kichwa. "Poleni sana na msiba, mama."

"Msiba? Msiba wa nani?"

"Wa mama mkwe wa fundi. Wenzake kazini wametuma hiki kidogo. Wangekuja wote, lakini leo tunamwaga zege, na zege halisubiri mtu. Mimi bado mgeni pale, ndiyo maana nimetumwa."

Mama aliweka ungo chini polepole. "Mama mkwe wa fundi Winchi?"

"Ndiyo, mama. Marehemu."

"Alikufa lini?"

"Fundi alisema ni Jumatatu."

"Aliugua sana?"

"Hapana. Nasikia ilikuwa ghafla tu. Moyo."

"Masikini," mama alisema, akajishika kifua. "Basi vuta kiti, mwanangu. Kaa uzungumze na marehemu."

Kijana alitazama kiti. Akamtazama mama. Akautazama mchele kama vile mchele ungeweza kumsaidia.

"Samahani, mama. Labda nimekosea nyumba."

"Hujakosea. Hapa ndipo. Na mimi ndiye niliyekufa."

Chumbani, nyuma ya pazia, fundi Winchi alisikia kila neno. Alikuwa amelala chali, macho yakitazama dari. Shingo ilimuuma. Mabega yalimuuma. Mapaja yalimuuma kama ya mtu aliyekimbia usiku kucha, na yeye hakuwa ametoka kitandani tangu jana. Alivuta shuka akajifunika uso. Hata uzito wa shuka ulimuuma.

Lakini aibu ilimuuma zaidi.

Jina la Winchi alipewa na wenzake zamani. Kwenye majengo, winchi ni mashine ya kupandisha mizigo juu. Fundi alikuwa akibeba mfuko wa saruji begani, anapanda nao ngazi huku anapiga mluzi. Kazi yake hasa ilikuwa kupiga lipu. Akipiga ukuta lipu, unaweza kuupitishia kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho usikute kijiwe. Mtaani watu walimjua hivyo. Nyumbani walimjua hivyo. Na yeye mwenyewe hakujijua kwa namna nyingine.

Mkewe alitoka uani, mikono imejaa povu la sabuni. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Mimi," mama yake alijibu. "Mumeo kaniua Jumatatu. Mpe mgeni chai."

Mke hakucheka. Alimtazama kijana. "Kaka, wewe unafanya kazi gani pale?"

"Lipu, dada." Kijana alikuna kichwa. "Nimeletwa nishike nafasi ya fundi. Kwa muda tu. Mpaka msiba uishe."

Nyuma ya pazia, Winchi alifumba macho.

Kijana hakunywa chai. Alisimama, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nikirudi niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu," mama alisema. "Aliyeniua atanifufua mwenyewe. Nenda salama, mwanangu. Na asante kwa kunililia."

Mgeni alipoondoka, mke aliingia chumbani. Hakufungua dirisha. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Jumatatu uliniambia kazi imesimama. Kumbe kazini umesema mama kafa. Baba watoto, kuna nini? Ni mwanamke?"

"Hapana."

"Ni pombe?"

"Hapana. Unanijua."

"Nilikuwa nakujua. Hunishiki tena. Mtoto akitaka kukurukia mgongoni unamfokea. Unalala mchana kutwa, usiku unageukageuka kama samaki kwenye kikaango. Nikikuuliza, unasema hakuna kitu. Sasa umefika kumzika mama yangu. Niambie."

Winchi akasema, akiuangalia ukuta:

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sijui. Mwili."

"Mwili wapi?"

"Wote." Alikunja ukingo wa shuka. "Zaidi ya mwaka sasa. Leo mabega, kesho mgongo, keshokutwa miguu. Nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mwiko unanitoka mkononi. Juzijuzi nilisahau kama mchanganyiko nimeutia saruji au bado. Mimi! Nilikwenda zahanati peke yangu. Wakapima damu. Wakapiga picha ya mgongo. Aliyenipima akaniambia, 'Vipimo safi, huna ugonjwa, nenda kafanye kazi.' Basi nikajua mimi ni mvivu tu."

"Na mama ukamuua kwa nini?"

"Mwanamume akifiwa, watu wanampa mkono wa pole. Mwanamume akisema mwili unauma, hana jeraha, hana homa, hana hata mchubuko, wanamwitaje?"

Mke alikaa kitandani, polepole, asikitikise kitanda.

Mama mkwe aliingia bila hodi. Alikuwa amesikia yote, maana nyumba ni ndogo na pazia si mlango.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Wewe umefanya haraka. Kilio umekileta kabla."

"Nisamehe, mama," Winchi alisema. Hakuweza kumtazama.

"Nitakusamehe. Lakini kwanza marehemu anataka kukupeleka kliniki. Jumatatu. Na hutakwenda peke yako, maana ukienda peke yako unasema uongo hata kwa daktari."

Na kweli, Jumatatu walikwenda watatu.

Kliniki ilikuwa na benchi refu la mbao. Kwenye benchi walikuwa wanawake tu, wengine na watoto wachanga. Winchi alisimama ukutani. Alitamani angekuwa na mguu uliovunjika, hata bandeji tu, ili watu waone amekuja kwa sababu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Walipoingia, alivuta kiti karibu na Winchi.

"Karibu, fundi. Unasumbuliwa na nini?"

"Bega tu, daktari. Kidogo."

"Na wapi pengine?"

"Mgongo. Kidogo."

Mkewe alishindwa kuvumilia. "Daktari, muulize pale pasipouma. Utamaliza haraka."

Daktari alitabasamu, lakini hakucheka. Alimtazama Winchi. "Fundi, mimi siwezi kuona maumivu. Hakuna mashine ya kuyaona. Macho yangu ni maneno yako. Ukiniambia 'kidogo', nitakutibu kidogo."

Winchi akaanza kusema. Alisema juu ya usingizi usioburudisha. Alisema juu ya asubuhi, jinsi mwili unavyokuwa mgumu kama ubao mpaka jua lipande. Alisema juu ya kusahau. Alisema juu ya vidonge vya maumivu anavyonunua dukani na kuvila kama karanga. Mkewe hakuwa amejua habari ya vidonge. Aliinamisha uso.

Daktari alimpima kwa mikono. Alibonyeza shingo, mabega, viwiko, kiuno, magoti. Aliangalia viungo kama vimevimba. Aliagiza vipimo vingine vichache. "Kuna magonjwa mengine yanayofanana na hili," alisema. "Lazima tuyatafute kwanza. Mtu asijipe jina la ugonjwa mwenyewe."

Majibu yalipotoka, waliitwa tena. Winchi aliingia akiwa ameshajiandaa kuambiwa aende kufanya kazi.

"Vipimo vyako ni safi," daktari alisema.

"Nilijua," Winchi alisema, akaanza kuinuka.

"Kaa, fundi. Sijamaliza. Vipimo safi maana yake hatukuona yale magonjwa mengine. Haina maana kwamba huumwi. Unaumwa. Ugonjwa wako unaitwa fibromialjia."

Winchi alirudia jina lile. Lilikuwa refu, lakini lilikuwa jina.

"Nitakueleza," daktari alisema. "Una mbwa nyumbani?"

"Jirani anaye."

"Mbwa mzuri wa lindo hubweka mwizi akija. Sasa fikiria mbwa anayebweka mwizi akija, na paka akipita, na jani likianguka, hata mwenye nyumba akirudi na mkate wake. Mbwa huyo si mwongo. Anabweka kweli. Nawe husinzii kweli. Lakini nyumba haijavunjwa. Neva zako na ubongo wako ndivyo vilivyo sasa. Vinapiga kelele za maumivu kupita kiasi. Misuli yako haijaoza. Mifupa yako haijaharibika. Lakini maumivu ni ya kweli. Huyatungi."

"Kwa hiyo mimi si mvivu?"

Aliuliza kwa sauti ya chini sana. Mama mkwe aligeuka akatazama dirishani.

"Wewe si mvivu," daktari alisema.

Winchi alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi nilidhani haya ni mambo ya wanawake," alisema baadaye. "Pale nje nimekuta wanawake tu."

"Wanawake wanaoambiwa wana ugonjwa huu ni wengi zaidi. Lakini wanaume nao wanaupata. Wengi hawaji. Wengine wanasema 'bega tu, kidogo', halafu wanakwenda zao."

"Dawa yake?"

"Nisikudanganye. Hakuna kidonge cha kuumaliza mara moja. Zipo dawa zinazosaidia baadhi ya watu kulala na kupunguza maumivu, nami nitakupa moja tuone. Vile vya dukani acha kuvila ovyo, vinaweza kuumiza tumbo na figo. Lakini dawa kubwa ni namna ya kuishi. Tembea kila siku, mwendo mdogo, kisha ongeza taratibu. Lala saa ileile, amka saa ileile. Roho ikilemewa, zungumza na mtu, usikae nayo. Pale chumba cha pili yuko mshauri. Sasa niambie, siku ukiamka na nafuu, unafanya nini?"

Kwa mara ya kwanza Winchi alijibu kwa fahari. "Siku hiyo nafanya kazi ya watu wawili. Nafidia siku nilizolala. Sili, sikai."

"Na kesho yake?"

Winchi alimgeukia mkewe.

"Kesho yake hanyanyuki," mkewe alisema. "Na keshokutwa."

"Hapo ndipo unapojiumiza," daktari alisema. "Siku mbaya hazikuumizi kama siku nzuri. Mbwa akitulia kidogo, wewe unakwenda kumkanyaga mkia. Siku ya nafuu fanya kazi ya kiasi, kisha pumzika. Pumzika kabla hujachoka. Ukingoja mpaka uchoke, umechelewa."

"Daktari, lipu haina kupumzika. Ukiacha ukuta katikati, saruji inakauka. Ukirudi, mahali ulipoishia panaonekana kama kovu. Ukuta ukiuanza unaumaliza."

"Basi utafikiri wewe. Saruji unaijua wewe, mimi siijui."

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Njiani mama mkwe alisema, "Ule mchele bado uko jikoni. Mimi siwezi kula mchele wa msiba wangu."

Winchi alielewa.

Kesho yake aliubeba mchele na sukari mpaka kazini. Wenzake waliacha makarai, wakaja kumpa mkono. "Pole, fundi. Pole sana." Kila mkono ulikuwa kama kofi. Nyapara, yaani msimamizi wao, alivua kofia kwa heshima.

"Rudisha kofia kichwani," Winchi alisema. "Hakuna aliyekufa. Mama mkwe wangu ni mzima. Nilidanganya."

Yule kijana mgeni peke yake hakushangaa. Alijishughulisha na kuosha mwiko uliokuwa safi.

"Naumwa. Mwili wote unauma, muda mrefu sasa. Daktari amesema ni ugonjwa, una jina, hauambukizi, hauui. Niliona haya kusema. Huu mchele wenu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. "Yaani misuli inauma? Nani hapa misuli haimuumi?"

"Winchi imeota kutu!" mwingine alisema. Wengi wakacheka. Winchi alihisi masikio yakiwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke.

Nyapara hakucheka, lakini hakumfariji pia. "Ungesema kweli tangu mwanzo ningepanga watu vizuri," alisema. "Tulikuwa tunakungoja bila kujua kama unakuja. Mgeni anabaki. Mtafanya kazi wawili. Jukwaani, kwenye kuta za juu, hupandi tena. Na mchele utapikwa mchana, tuule wote. Haya, kazini."

Hivyo Winchi alipoteza jukwaa. Lakini hakupoteza kazi.

Usiku ule alikuwa na la kumwambia mkewe. "Nimefikiri habari ya saruji," alisema. "Tutakuwa wawili kwenye ukuta. Nikifika kiasi changu, nitampa mwenzangu mwiko wakati saruji ingali mbichi. Hapatakuwa na kovu. Nakuahidi. Nikifika kiasi, nitakaa chini, hata kama ukuta haujaisha."

"Hata kama watu wanatazama?" mkewe aliuliza.

"Hata kama wanatazama."

Siku zikaenda. Jioni alitembea na mkewe, mwanzo mpaka kona ya duka tu, baadaye mpaka shuleni na kurudi. Alizungumza na mshauri, ingawa siku ya kwanza alizungumza habari za mpira tu. Maumivu hayakuisha. Zilikuwepo asubuhi alizovaa viatu huku machozi yanamlengalenga. Lakini kwa wiki nyingi mfululizo hakukosa kazi hata siku moja, jambo ambalo halikuwa limetokea mwaka mzima. Mtoto akaanza tena kumkalia mapajani. Mgongoni bado.

Kisha ikaja siku ya uso wa nyumba.

Mafundi wana desturi yao. Ukuta wa mbele wa nyumba ndio uso wake, na anayeumalizia ndiye anayetajwa. Watu wakipita watauliza, "Lipu hii kapiga nani?" na jina litakalotajwa litakaa pale miaka na miaka. Uso wa nyumba haupewi mtu ovyo.

"Winchi," nyapara alisema asubuhi, "ukuta wa mbele anza wewe. Mwenye nyumba anakuja leo kuuona."

Na ilikuwa siku ya nafuu. Siku ya ajabu. Mabega yalikuwa mepesi. Mwiko ulicheza mkononi kama zamani. Saruji ilishika ukutani pap, pap, pap, naye akaanza kupiga mluzi. Wenzake walisikia wakatazamana. Yule aliyesema habari ya kutu alipiga kelele, "Winchi imetiwa oili leo!" Winchi alicheka, akaongeza kasi.

Alivuka katikati ya ukuta. Akafika robo tatu. Sehemu iliyobaki ilikuwa ndogo, kama upana wa mlango na nusu. Hapo ndipo kiasi chake kilipofika.

Alijua kimefika. Mwili haukuwa umeanza kuuma bado, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake. Mkewe hakuwepo. Daktari hakuwepo. Angemaliza tu, nani angejua? Kisha angelala kesho. Na keshokutwa.

Lango likafunguliwa. Mwenye nyumba aliingia na wageni wake wawili.

Winchi alimgeukia kijana. "Shika mwiko. Malizia."

"Fundi!" kijana alinong'ona. "Huu ni uso wa nyumba. Watasema ni kazi yangu."

"Watasema. Haraka, saruji isikauke."

Kijana alishika mwiko. Winchi aligeuza ndoo tupu juu chini, akaketi juu yake, mbele ya watu wote. Shingo yake ilikuwa ya moto kwa haya.

Mwenye nyumba alikuja mpaka ukutani. Aliupitishia kiganja. "Safi sana," alimwambia kijana. "Una mkono mzuri, kijana. Unaitwa nani? Nitakutafuta." Kijana alifungua mdomo, akamtazama Winchi. Winchi alitikisa kichwa kumkataza asimtaje.

Ndipo mwenye nyumba alipomwona mtu mwenye mabega mapana ameketi juu ya ndoo, jua bado liko juu.

"Na wewe, bwana mkubwa?" aliuliza, na wageni wake wakatabasamu. "Umechoka mapema hivi?"

Makarai yalinyamaza. Hata mtu wa kuchanganya mchanga aliegemea koleo akisikiliza. Zamani Winchi angeruka kutoka kwenye ndoo kama aliyeumwa na nge.

"Ndiyo," alijibu. "Napumzika."

Akabaki ameketi.